Risasi za nkambo: kupiga au kutunza?

Nkambo, yaani babu, akifariki na matanga yakiisha, familia hukaa kugawana vitu: redio, baiskeli, nguo, karatasi za kiwanja. Katika baadhi ya nyumba za Lubumbashi, hasa za watu waliokuwa wakiwinda upande wa Kasenga au Mitwaba, chini ya sanduku la bati hutoka pia kopo la maziwa lenye risasi. Nyingine ni kartushi za karatasi za kalibre 12, za bunduki ya marisawa, nyingine ni za bunduki ya mfereji, yaani yenye mifereji ndani ya mtutu, shaba yake imeshika kijani. Mjukuu mmoja anataka kwenda kuzijaribu porini. Wa pili anataka kuziweka kabatini kama ukumbusho. Mama mwenye nyumba anataka zitoke leo.

Wa kwanza anakosea. Wa pili yuko karibu na haki, ila kabati peke yake si utunzaji. Mama asikilizwe kuliko anavyosikilizwa. Msimamo wetu ni huu: risasi ya zamani haipigwi mpaka mambo matatu yajulikane kwa ushahidi, yaani ilitengenezwa wapi na lini, imelala wapi miaka yote hiyo, na bunduki itakayoipokea ilipimwa kwa baruti ya aina gani. Kopo la maziwa kwa kawaida halijibu hata moja kati ya hayo.

Tuanze na shaba, kwa kuwa hapa Katanga hatuhitaji kufundishwa sana. Ganda la risasi ni shaba njano: karibu asilimia 70 shaba na asilimia 30 zinki. Ni madini yale yale yaliyochimbwa pamoja pale Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Anayejua rangi ya malakiti anajua pia kwamba ukungu mwembamba wa kijani juu ya shaba si msiba. Kinachotisha ni kijani kinachochimba, ukikipangusa kinaacha vishimo. Kinachotisha zaidi ni madoa ya rangi ya waridi. Hapo zinki imeshatoka, imebaki shaba yenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na ukuta wa ganda hauna nguvu tena ya kuziba gesi. Watu wanaosugua risasi kwa limau na chumvi ili zing'ae wanaleta hali hiyo hiyo kwa mikono yao.

Adui wa pili wa shaba njano ni amonia. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi yakipasuka shingoni wakati wa mvua bila mtu kuyagusa. Yalikuwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1921: amonia ya mikojo, unyevu, na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipovutwa kiwandani, vitatu hivyo vikikutana ufa unatokea wenyewe. Kwa hiyo kopo lililofichwa miaka mingi kwenye banda la kuku au nyuma ya choo lichukuliwe kuwa limeharibika hata kama risasi zinang'aa. Kagua shingo ya ganda kwa kioo cha kukuzia na taa ya pembeni. Ufa wa aina hii ni mwembamba kama unywele na huenda kwa urefu, kutoka mdomoni kushuka begani.

Fataki, kile kidonge kidogo katikati ya kitako, ina matatizo mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza ni chumvi. Fataki za kijeshi za zamani zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha mtutuni kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo huanza kunyonya maji hewani unyevu unapofika takriban asilimia 84, na asubuhi za mvua kuanzia Novemba hadi Machi tunafika hapo bila shida. Mtutu uliopigwa Jumamosi na kuachwa unaweza kuwa na kutu Jumapili. Mafuta hayaondoi chumvi, yanaifunika tu. Dawa yake ni maji: lita moja au mbili za maji ya moto sana, yamiminwe kupitia chemba, pale ganda linapokaa, hadi yatokee mdomoni, siku ile ile, kisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu kabisa, ndipo mafuta. Uso wa komeo, kile kinachofunga nyuma ya mtutu, na ncha ya pini pia vioshwe, kwa sababu chumvi inarudi nyuma. Kesho yake rudia kukagua. Kiwanda cha RWS cha Ujerumani kilileta fataki isiyo na chumvi mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini majeshi mengi yaliendelea na ile ya zamani hadi miaka ya 1950 na hata baada yake. Basi mwaka peke yake hauthibitishi kitu.

Tatizo la pili ni zebaki. Fataki za fulminati ya zebaki huchoka kwa joto, na zikichoka hazifi zote sawasawa. Nyingine hukataa kabisa, nyingine huwaka polepole hata bunduki ikalia kwa kuchelewa, pengine sekunde nzima, baada ya kubonyeza. Sekunde hiyo ndiyo inayoumiza, maana mtu ameshashusha bunduki au ameshaanza kufungua komeo. Zaidi ya hapo, zebaki ikishapigwa huingia ndani ya shaba na kuifanya ivunjike ovyo, hivyo ganda hilo halijazwi tena kamwe.

Baruti ndiyo yenye mambo mengi, na ndiyo ambayo macho hayawezi kuhukumu kutoka nje. Baruti isiyo na moshi ni selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Tangu siku ya kwanza inaoza taratibu na kutoa gesi za nitrojeni, na gesi hizo, zisipomezwa na kitu, hurudi kuiozesha zaidi. Ndiyo maana viwanda huongeza difenilamini, ambayo kazi yake ni kuzimeza. Siku difenilamini ikiisha, uozo unakimbia. Ufaransa ilijifunza kwa gharama kubwa. Meli yake ya kivita Iéna ililipuka bandarini Toulon mwezi Machi 1907, na Liberté ikalipuka hapo hapo Septemba 1911, zote kwa sababu ya baruti ya Poudre B iliyokuwa imeoza ndani ya maghala ya meli. Hizo zilikuwa tani nyingi mahali pamoja, na kopo la risasi ishirini halitabomoa nyumba kwa uozo peke yake. Kemia yake ni ile ile hata hivyo, na kinachofanyika ndani ya ganda moja ni hiki: asidi inakula shaba kutoka ndani, chembe za baruti zinapoteza ngozi yake ya nje na kumeguka. Chembe zilizomeguka zina uso mkubwa zaidi wa kuwaka, kwa hiyo zinawaka haraka kuliko ilivyokusudiwa. Watu hudhani risasi ya zamani inaweza tu kuwa dhaifu. Inaweza kuwa dhaifu, na ya pili yake ndani ya kopo lile lile ikawa kali kupita kiasi.

Joto ndilo linalopima umri wa kweli wa baruti. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi ya uozo inakaribia kuongezeka maradufu. Lubumbashi iko mita 1 200 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni ni baridi, jambo linalosaidia. Lakini mwezi Oktoba, juu ya dari chini ya mabati, hali ni nyingine kabisa. Risasi ya 1955 iliyokaa sakafuni kwenye chumba cha matofali inaweza kuwa na afya kuliko ya 1985 iliyokaa darini au karibu na mbabula, jiko la makaa. Fundi mwenye kibali akifungua moja ya kundi lile lile, atanusa na kutazama. Harufu kali ya asidi, vumbi la rangi ya kahawia nyekundu, au kijani ndani ya ganda ni hukumu ya kundi zima. Kutikisa risasi sikioni hakuthibitishi chochote. Risasi za Kiingereza za wanyama wakubwa, kwa mfano, zilijazwa kodaiti, baruti ya nyuzi ndefu kama tambi zilizobanwa pamoja, ambazo hazitoi sauti hata zikiwa nzima kabisa.

Sasa kitako, mahali ambapo thamani ya risasi imeandikwa. Ilaze juu ya kitambaa, kichwa, yaani sehemu inayoruka, kikielekea ukuta usio na mtu, na usome herufi zilizogongwa. FN ni kiwanda cha Herstal nchini Ubelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kutengeneza bunduki 150 000 za Mauser. Kwenye risasi zake za kijeshi tarakimu mbili za pembeni kwa kawaida ni mwaka. DWM ni kiwanda cha Ujerumani. KYNOCH ni kiwanda cha Birmingham, Uingereza. Duara lenye msalaba ndani ni alama ya NATO, kwa hiyo hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1950. Kisha chukua kalipa, kile kipimo cha milimita. Ganda la 7,65 ya Mauser ya Ubelgiji lina urefu wa karibu milimita 53, la 7,92 ya Ujerumani 57, na vitako vyao vyote viwili ni karibu milimita 12, kwa hiyo anayetazama kitako tu atazichanganya. Usishtuke kichwa cha 7,65 kikipima karibu 7,95: namba ya jina ilichukuliwa kwenye matuta ya ndani ya mtutu, wakati kichwa kinajaza hadi kwenye mifereji.

Kwenye hiyo 7,92 kuna mtego mwingine. Toleo la kwanza lilikuwa na kichwa cha milimita 8,08. Toleo la jeshi lililofuata mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa na 8,22, na hutiwa alama S au JS. Maganda yanafanana na zote mbili zinaingia kwenye chemba. Bunduki za kuwinda ziliendelea kutengenezwa kwa kipimo cha zamani miaka mingi. Ukisukuma kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba, shinikizo linapanda hata kama risasi ilitoka kiwandani jana. Sasa ongeza baruti iliyomeguka.

Kartushi za kalibre 12 zinaonekana nyepesi na ndizo zinazopigwa kwa urahisi kuliko zote, kwa hiyo tuzikalie kidogo. Karatasi hunyonya maji na kuvimba. Kartushi inayohitaji kusukumwa kwa dole gumba ili iingie imeshakataa, usibishane nayo. Kisha tazama bunduki yenyewe. Bunduki nyingi za mitutu miwili zilizoletwa nchini enzi za Wabelgiji zilitoka Liège. Fungua, ondoa mitutu, tazama upande wake wa chini. Herufi ELG ndani ya yai zinasema ilipimwa kwa baruti nyeusi, ile ya zamani. Simba juu ya herufi PV ndiye anayesema ilipimwa pia kwa baruti isiyo na moshi. ELG ikiwa peke yake, kartushi yoyote ya baruti ya kisasa ni marufuku, iwe mpya au ya nkambo. Mitutu yenye michoro ya mawimbi, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na feleji, tunashauri isipigwe kabisa. Hapo hapo chini tafuta urefu wa chemba, 65 au 70. Kartushi ya 70 inaingia vizuri kwenye chemba ya 65, kwa sababu imekunjwa mdomo. Ikifunguka inapopigwa, mdomo wake unaingia kwenye sehemu inayobana na kuziba njia. Bunduki ya pupu, ambayo mtutu wake ni bomba lisilopimwa popote, haina hata alama ya kusoma.

Tena kuna kalibre 20. Siku hizi hutiwa rangi ya njano makusudi. Za zamani zina rangi yoyote. Ikidondoka ndani ya mtutu wa 12 inateleza mbele ya chemba na kukwama. Mpigaji anafungua, anaona chemba tupu, anatia ya 12 nyuma yake. Mkono wa mbele wa mpigaji uko juu ya mahali hasa panapopasuka. Katika kopo la mchanganyiko, kosa hili ndilo tunaloliogopa kuliko yote yaliyotangulia.

Hoja ya wanaotaka kupiga si ya kijinga. Wanasema risasi mpya ni ghali na hazipatikani, na kutupa chakula cha bunduki ni anasa. Tunaijibu kwa hesabu. Mtutu wa Mauser ya 1889 ukiharibika kwa chumvi, au chemba ikivimba, hapa mjini huna wa kukubadilishia. Risasi za bure zimekula bunduki nzima, hata kabla hujahesabu jicho. Kwa hiyo tunakubali kupiga katika hali moja: maboksi ya kiwanda yaliyofungwa, namba ya kundi inasomeka, ni mengi ya kundi lile lile, historia ya mahali yalipolala inajulikana, kalibre imethibitishwa kwa kalipa, na bunduki ina alama na kibali. Hata hapo boksi moja linabaki bila kufunguliwa. Mpigaji avae miwani na kuziba masikio, apakie moja moja, asijaze magazini. Ikigoma, mdomo wa bunduki ubaki kwenye upande salama kwa sekunde 60 kamili, uso ukiwa mbali na komeo. Ikilia kidogo kuliko kawaida, asimame, atoe komeo, atazame mtutu kwa taa. Kichwa kilichokwama ndani hakitoki kwa kupigiwa kingine nyuma yake, mtutu ndio unaotoka. Ganda la kwanza likionyesha ufa wa shingo, kazi imeisha kwa siku hiyo na kwa kundi hilo.

Tunatofautiana pia na watunzaji wanaotaka kila kitu kibaki. Risasi iliyoliwa, isiyo na herufi, isiyo na boksi, ambayo aina yake inajulikana na kuna nyingine nzima, haifundishi kitu. Itoke. Kuna na aina isiyotakiwa kubaki hata siku moja: vichwa vilivyopakwa rangi nchani vinaweza kuwa vya kuwaka, vya mwanga wa kuonyesha njia au vya kulipuka, na chochote kikubwa kuliko risasi ya bunduki, kama guruneti au kombora, hakiguswi wala hakisogezwi. Watu waondoke, mahali pawekwe alama kwa mbali, wenye mamlaka waitwe. Taifa lina kituo chake cha kupambana na mabomu, CCLAM. Hata risasi za kawaida za kuwinda ziko chini ya sheria ya silaha na masasi, yaani ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, kwa hiyo familia iende kwanza kuuliza utawala ndipo iamue. Isiende nazo mkononi ndani ya taksi. Iende na picha, idadi na anwani, ielekezwe. Kutupa kwenye choo, kuzika uani au kurusha mtoni Kafubu ni kumwachia mtoto wa jirani. Motoni ndiyo mbaya zaidi, maana bila mtutu wa kulishika ganda linapasuka na kurusha vipande vya shaba.

Kwa zile zinazobaki kihalali, kazi ya kwanza ni kuacha kuzisugua. Dawa za kung'arisha shaba mara nyingi zina amonia, na mafuta ya kunyunyiza hupenya fataki na kuiua. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu ukiwa na glavu, kwa sababu chumvi ya vidole huacha alama inayokula kwa miaka. Ziondoe kwenye mkanda wa ngozi, kwani asidi za ngozi ndizo zinazootesha ule ute wa kijani kuzunguka ganda. Mkanda uhifadhiwe peke yake. Zisikae kwenye kisanduku cha mbao mbichi wala katoni ya kawaida. Mvuke wa mbao hugeuza vichwa vya madini ya risasi visivyofunikwa kuwa unga mweupe, na unga huo ni sumu: usiupulize, nawa mikono. Boksi la plastiki ya polietilini, karatasi isiyo na asidi, pakiti mbili tatu za silika ya kunyonya unyevu zinazobadilishwa mwanzo wa mvua, unyevu chini ya asilimia 50, chumba chenye baridi, kufuli. Bunduki ikae kwingine. Boksi la kiwanda likiwa limefungwa, liache hivyo hivyo. Lebo yake yenye namba ya kundi na aina ya baruti ina maelezo ambayo risasi yenyewe haibebi, na karatasi ikichanwa hairudi.

Kisha daftari. Kwa kila risasi andika herufi za kitako kama zilivyo na mahali zilipo, ukizihesabu kwa mwelekeo wa saa. Urefu wa ganda, urefu wote, kipenyo cha kichwa na cha kitako. Rangi ya kichwa, na kama sumaku inakishika, kwa sababu viwanda vingi vya Ulaya vilifunika kichwa kwa feleji iliyopakwa nikeli na shaba. Piga picha ya kitako, ya ubavu na ya boksi, rula ikiwa pembeni. Andika pia nani alikuwa nayo, aliwinda wapi, na bunduki gani ilikuwa ndani ya nyumba. Hayo wazee waliobaki bado wanayakumbuka mwaka huu. Ukitaka Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yakusaidie kutambua, peleka daftari na picha, risasi ziache zilipo. Nakala ya daftari ikae nje ya boksi, kwa mtu wa pili wa familia, pamoja na jina la ofisi iliyopewa taarifa na tarehe yake.